Dhamana ya Mdomo Haipozi Injini

Miongoni mwa mambo yazungumzwayo sana siku hizi katika nyumba za wafanyakazi wa mijini, ukiacha ada za watoto na kodi ya nyumba, ni gari. Zamani mfanyakazi wa kawaida aliyemiliki baiskeli nzima alihesabiwa kuwa mtu aliyejiweza. Leo mwalimu, muuguzi, karani na fundi mchundo hujinyima kwa miaka mitatu au minne, wakaongezea mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, wakanunua gari lililokwisha kutumika. Na mtu mwenye familia kubwa, mwenye watoto, wazazi na ndugu wa kuwapeleka hospitali, misibani na harusini, aghalabu hatafuti gari dogo la watu watano. Hutafuta Noah.

Si nia ya safu hii kumkatisha tamaa mwenye azma hiyo. Gari la familia ni msaada mkubwa, hasa nyumba inapokuwa na mgonjwa usiku. Nia yetu leo ni kulizungumzia neno moja ambalo muuzaji hulitamka kwa wepesi na mnunuzi hulipokea kwa furaha, nalo ni neno "dhamana". Na kwa kuwa mwalimu mzuri wa somo ni yule aliyekwisha kuchapwa nalo, itanibidi nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe.

Safari ya Kitonga

Mwezi Oktoba 2022 mimi na mwenzangu tulinunua gari aina ya Toyota Noah la mwaka 1999 katika yadi moja ya Dar es Salaam. Bei ilikuwa shilingi 10,500,000. Milioni moja na nusu ilikuwa akiba yetu, na milioni tisa zilikuwa mkopo ambao makato yake yalianza mwezi uleule. Gari lilikuwa jeupe, limeng'arishwa, na viti vyake vilivikwa vitambaa vipya. Nilipomwuliza muuzaji juu ya hali ya injini, alinishika bega akasema: "Kaka, injini na giaboksi nakupa dhamana ya miezi mitatu. Wewe endesha gari, usiwe na wasiwasi." Nikapokea stakabadhi, nikaikunja pasi na kuisoma. Chini yake palikuwa na maneno madogo yaliyopigwa chapa: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Tarehe 23 Desemba tulianza safari ya kwenda Iringa kwa wakwe. Garini tulikuwa watu saba, tukiwamo sisi wawili, watoto wetu watatu, mpwa wangu, na mama mkwe, ambaye alikuwa kwetu kwa matibabu ya miguu. Yeye tulimketisha kiti cha mbele kwa heshima. Tuliipita Morogoro, tukakatiza Hifadhi ya Mikumi, tukaiacha nyuma Ruaha Mbuyuni, na gari likienda vizuri. Ndipo tulipoanza kuupanda Mlima Kitonga nyuma ya msururu wa malori yaliyotambaa kama kobe.

Yafaa msomaji afahamu kwamba katika Noah za muundo ule wa zamani, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2001, injini imelala chini ya viti vya mbele, ilhali rejeta ipo puani kabisa mwa gari. Maji ya kupozea husafiri njia ndefu kwenda na kurudi, na anayetaka kuifikia injini hana budi kuinua kiti. Basi wa kwanza kuugundua ugonjwa hakuwa dereva, alikuwa mama mkwe. "Mwanangu," alisema kwa upole, "hiki kiti kina moto." Nikamjibu kwamba ni jua la mchana. Mwenzangu akainama kutoka kiti cha nyuma, akautazama mshale wa joto, akasema: "Baba watoto, simama."

Nami, ndugu msomaji, sikusimama. Niliona haya kukwama katikati ya mlima mbele ya mama mkwe, na moyoni nilijiambia kwamba hata likiharibika, dhamana ipo. Niliendesha kwa dakika kumi zaidi, na dakika hizo kumi ndizo zilizoniponza.

Mvuke ulipotanda, injini ikazimika yenyewe. Nikatwaa chupa ya maji nikaenda mbio kufungua kifuniko cha rejeta. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu akaniwahi, akanishika mkono. "Kaka, ukifungua sasa utapoteza uso," alisema. Alikuwa na haki. Kifuniko cha rejeta huyabana maji kwa shinikizo, ndiyo sababu maji ya injini yaweza kuzidi nyuzi 100 za Sentigredi bila kuchemka. Shinikizo hilo likiachiliwa ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia aliyefungua. Anayefikwa na mkasa kama huu azime injini, aweke vibao vya pembetatu barabarani, awateremshe abiria mahali palipo salama, na angoje mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Jambo hilo laweza kuchukua saa nzima, lakini saa moja ni fupi kuliko wiki tatu za kulazwa kwa majeraha ya moto.

Kilichoonekana ndani

Gari lilivutwa hadi Iringa mjini kwa shilingi 150,000. Fundi, mtu mzima asiye na maneno mengi, aliifungua injini mbele yetu. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na hedi yenyewe imepinda. Injini ya gari lile, ambayo mafundi huitambua kwa alama 3S-FE, ina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Alumini hutanuka kwa joto zaidi ya chuma. Injini ikipata joto la kupindukia, hedi hutaka kutanuka huku imebanwa kwa boliti pande zote, na mwishowe hupinda. Kupinda huko ni sehemu ndogo tu ya milimita, na jicho halikuoni, lakini kwatosha kupitisha moto na maji mahali pasipostahili.

Fundi hakuishia hapo. Alituonyesha mambo mengine mawili ambayo hayakuanzia Kitonga. La kwanza, ndani ya rejeta hamkuwa na maji yenye dawa ya kuzuia kutu, ambayo madukani huitwa koolanti. Yalikuwa maji ya bomba yaliyokwisha kugeuka rangi ya chai, na tope la kutu lilikuwa limeziba sehemu kubwa ya rejeta. La pili, temostati haikuwamo. Kuna mtu, wala hatujui ni wa mwaka gani, aliyeing'oa na kuitupa kwa hoja tunayoisikia sana katika gereji zetu, kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi na kwetu hakina kazi.

Hoja hiyo si ya kweli, na yafaa kila mwenye gari aikatae. Temostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kufanyia kazi, yapata nyuzi 80 hivi, kisha hufunguka na kuyaruhusu. Injini isiyofikia joto hilo hula mafuta mengi na kusagika upesi. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi za Toyota kifaa hichohicho kikifunguka huiziba njia ya mkato, ambayo kwayo maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta. Kikiondolewa, sehemu ya maji huendelea kukatiza njia hiyo. Katika barabara tambarare dereva hatajua. Mlimani, gari likiwa na watu saba na mizigo, atajua.

Ndiyo kusema gari lile liliuzwa likiwa gonjwa, nami nikalimaliza.

Simu kwa muuzaji

Tarehe 27 Desemba, ikiwa miezi mitatu haijatimia, nilimpigia simu muuzaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo. "Kaka," alisema, "dhamana niliyokupa ilikuwa ya injini, haikuwa ya Kitonga." Halafu akaniuliza swali ambalo bado linaniuma: "Maji uliyatazama lini mara ya mwisho?" Nikanyamaza. Tangu Oktoba nilikuwa nimeliosha gari kila Jumamosi, na maji ya rejeta sikuyatazama hata mara moja. Akaongeza: "Na hiyo dhamana imeandikwa wapi?" Nikaitoa stakabadhi mfukoni, nikaisoma kwa mara ya kwanza.

Sheria ya nchi haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi anapomweleza muuzaji mwenye biashara hiyo matumizi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa yapasa kuyafaa matumizi hayo kwa kiasi kinachostahili. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo humkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kuisimamia. Lakini sheria hizo hazimbebi aliyelala. Mnunuzi aliyeikagua bidhaa hatasikilizwa kwa urahisi akilalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Na mbele ya hakimu, neno lililotamkwa huku bega limeshikwa ni gumu kulithibitisha.

Wapo wanaodhani kwamba dhamana ya kiwanda hulifuata gari popote liendako. Huko Japani, Toyota hulidhamini gari jipya kwa miaka 3 au kilomita 60,000 kwa vitu vya kawaida, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini na vipuri vingine vikubwa, lolote litakalotangulia. Gari la miaka 10 au 20 limekwisha kuivuka mipaka hiyo kabla hata ya kupakiwa melini. Wapo pia wanaotegemea bima. Bima ndogo hulipa madhara uliyowafanyia wengine barabarani, na bima kubwa huongeza ajali, moto na wizi wa gari lako. Injini iliyokufa kwa kuchemsha au kwa uchakavu kwa kawaida haimo katika mojawapo ya hizo mbili.

Ada au injini

Jioni ile tuliketi sebuleni kwa wakwe tukafanya hesabu. Njia zilikuwa tatu, nami naziweka hapa kwa tarakimu zake, kwa sababu familia nyingi hufika mahali hapa na huamua kwa hasira au kwa aibu.

Njia ya kwanza ilikuwa kuitengeneza injini ileile. Seti ya gasketi ilikuwa shilingi 120,000, kuisawazisha hedi kwenye mashine 70,000, rejeta mpya 250,000, temostati na mipira ya maji 85,000, koolanti, oili na chujio 135,000, na ufundi 200,000. Jumla ilikuwa shilingi 860,000.

Njia ya pili ilikuwa kununua injini nyingine iliyotumika kwa shilingi 1,700,000, pamoja na ufundi wa 250,000. Vijana wa gereji waliipenda sana njia hii. Fundi wetu mwenyewe aliikataa, na sababu zake zilikuwa za busara. Alisema kwamba rejeta iliyoziba ingeiua injini ya pili kama ilivyoiua ya kwanza, hivyo gharama ya rejeta ilikuwa palepale. Tena, injini ya kununua ni mtumba vilevile, na aliyeiuza angetupa dhamana ya mdomo kama ile ya kwanza. Juu ya hayo, namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari isingelingana tena, na mabadiliko hayo hayana budi kuandikishwa Mamlaka ya Mapato. Alipima mgandamizo na kuikagua mitungi, akaridhika kwamba bloku ilikuwa nzima. "Ningeiona imechubuka," alisema, "ningewaambia mnunue nyingine."

Njia ya tatu ilikuwa kuliuza gari kama lilivyo. Mtu mmoja alitoa shilingi 4,000,000. Nilishawishika, maana sikutaka kuliona tena. Mwenzangu akachukua karatasi. Deni letu kwenye chama lilikuwa bado linakaribia milioni tisa. Tukiuza kwa milioni nne, tungebaki na deni la karibu milioni tano na hatuna gari. Likitengenezwa, gari lile lingeuzika kwa milioni tisa hivi. Kwa hiyo shilingi 860,000 zingeokoa thamani ya milioni tano. Zile 150,000 za kulivuta hatukuziingiza katika hesabu, kwa kuwa zilikwisha kwenda na zisingerudi kwa njia yoyote ile.

Hesabu ilikuwa wazi, lakini fedha hazikuwapo. Tulizokuwa nazo benki zilikuwa za ada ya kifungua mimba wetu, aliyekuwa akingojea kuanza Kidato cha Kwanza mwezi Januari. Nakiri kwamba nilipendekeza tuzitumie, kisha tuzirudishe mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuwa ameketi kimya muda wote. Akamgeukia binti yake, wala hakunitazama mimi, akasema: "Mwanangu, shule itafunguliwa gari likiwa bovu au likiwa zima." Hatukuzungumza tena. Tulirudi Dar es Salaam kwa basi, watoto wakiwa wamepakatana, ada ikalipwa, na gari likabaki Iringa hadi Februari, zamu ya mwenzangu katika upatu ilipofika. Gari lililala gereji, lakini makato ya mkopo hayakulala.

Dhamana iliyo dhamana

Kutokana na mkasa huo, ndugu msomaji, nimejifunza kwanza namna ya kununua. Nenda na fundi wako mwenyewe, wala usimwazime wa muuzaji. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, maana muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla hujafika huenda anakuficha tatizo la kuwaka. Fungua kifuniko cha rejeta na utazame rangi ya maji, kisha fungua kifuniko cha oili. Ukiona ute mweupe kama maziwa, yaelekea maji yanaingia kwenye oili. Endesha kwa nusu saa au zaidi, ikiwezekana kwenye mwinuko, huku ukiutazama mshale wa joto. Mshale wapaswa kupanda, kisha kutulia mahali pamoja. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada, ambayo hulipa gari daraja na kuonyesha lililowahi kugongwa na kutengenezwa kwa herufi R. Linganisha kilomita zilizomo humo na zile za kwenye dashibodi. Gari halirudi utotoni, ila mita yake huweza kurudishwa.

Kisha, muuzaji akitamka neno dhamana, mpe kalamu. Karatasi moja yatosha, yenye mambo matano. Ni vipuri gani vinavyodhaminiwa, kwa kuvitaja kimoja kimoja. Ni kwa siku ngapi au kilomita ngapi. Nani atalipia kipuri, na nani atalipia ufundi. Gari litatengenezwa wapi likiharibikia mkoani. Na ni jambo gani litakaloivunja dhamana hiyo. Weka tarehe, kilomita zilizosomeka siku ya mauzo, sahihi zenu na shahidi mmoja wa kila upande. Muuzaji mwema hatakasirika. Muuzaji atakayekasirika atakuwa amekuambia jambo la maana kabla hujatoa fedha.

Mafungu matatu

Gari likishakuwa lako, litakuletea madai kila mwezi, na mshahara hautoshi kuyajibu yote kwa pamoja. Nyumbani kwetu tumeyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu viuavyo watu, navyo ni breki, tairi, taa, mikanda ya viti, na viungo vya usukani kama tairodi na bolijointi. Haya hayangoji mshahara. Gari halitoki nyumbani. Kuhusu tairi, tazama tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwake. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini iliyozeeka yaweza kupasuka kwa joto la barabara ya Dodoma kama puto.

Fungu la pili ni vitu viuavyo injini, navyo ni maji, oili, mikanda na machujio. Haya ni ya fedha ndogo yakiwahiwa, na ya fedha nyingi yakicheleweshwa. Oili ya kawaida sisi huibadilisha kila kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi katika injini kama ile yetu hubadilishwa kila kilomita 100,000. Asiyejua ulibadilishwa lini aubadilishe mara anunuapo gari, kwa sababu kilomita za mwenye gari wa kwanza hazimo katika kumbukumbu yake.

Fungu la tatu ni vitu viudhivyo macho na masikio. Humo mna mchubuko wa rangi, redio, kitambaa cha kiti, na mlango unaolia. Haya yangoje. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kufanya kinyume. Mwezi Novemba 2022, mwezi mmoja kabla ya Kitonga, nilinunua redio mpya yenye kioo kwa shilingi 280,000. Rejeta mpya ilikuwa 250,000.

Na unapolipeleka gari gereji, kubaliana bei kabla spana haijashikwa, fuatana na fundi dukani kununua vipuri, na udai vipuri vya zamani urudishiwe mkononi. Huku si kumdharau fundi. Fundi hodari hupenda kuonyesha alichokitoa, na anastahili kulipwa ujira wake wote kwa wakati. Wengi wetu humpunja fundi shilingi elfu ishirini kisha tukashangaa kwa nini boliti moja haikukazwa.

Daftari la mwenzangu

Jambo la mwisho ndilo dogo kuliko yote, wala halikuwa wazo langu. Gari liliporudi kutoka Iringa, mwenzangu alinunua daftari la shule la kurasa 96 akaliweka kwenye sanduku la dashibodi. Kila Jumamosi, kabla ya kuoshwa, gari hutazamwa maji, oili, mafuta ya breki na upepo wa tairi, na tarehe na kilomita huandikwa. Kila senti iliyotumika huandikwa, na jina la kipuri. Mwanzoni niliona ni kazi ya karani.

Mwezi Julai 2024 daftari lilisema jambo ambalo mshale wa joto haukulisema. Kwa Jumamosi tatu mfululizo tulikuwa tumeongeza maji, kila mara kidogo tu, kama kikombe. Mshale ulikuwa palepale katikati, na chini ya gari hapakuwa na tone lililoonekana. Nisingekumbuka kikombe cha wiki iliyotangulia, lakini karatasi ilikumbuka. Fundi aliinua kiti, akautafuta, akaukuta mpira mmoja mdogo wa maji umepasuka na kuvujia juu ya injini ya moto, ambapo maji yalikauka kabla ya kudondoka. Mpira na vibanio vyake viligharimu shilingi 18,000, na ufundi 10,000.

Linganisha, ndugu msomaji, shilingi 28,000 na zile 860,000, ukiongeza na basi, na wiki saba za gari kulala mbali, na ile jioni ambayo baba mzima alipendekeza ada ya mtoto iingie kwenye injini. Daftari hilo lina faida nyingine pia. Siku tutakapoliuza gari, mnunuzi atalipewa. Na kama siku moja nitadai dhamana kwa muuzaji yeyote, akiniuliza maji niliyatazama lini, nitamjibu kwa tarehe.

Mwezi Desemba uliopita tulipanda tena Kitonga kwenda kuwasalimu wazee. Kabla ya kuondoka tulitazama maji asubuhi, injini ikiwa baridi. Mama mkwe, ambaye tulikuwa tukimrudisha kwao baada ya kliniki, aliketi kiti chake kilekile cha mbele. Katikati ya mlima aliweka kiganja kwenye kiti, akatulia kidogo, akasema kwamba leo ni cha uvuguvugu tu. Nikasimama hata hivyo mahali palipo na nafasi, tukatazama mshale, tukanywa chai ya chupa, kisha tukaendelea.